Mwenye maumivu ya kiuno asikatazwe kuinama

Mama mmoja ninayemfahamu, mkaazi wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, alikaa karibu miaka miwili bila kushuka ngazi za nyumba yake isipokuwa kwa mambo mawili: kwenda kwa daktari na kwenda matangani. Umri wake ni miaka 58. Hakuanguka wala hakugongwa na gari. Alianza kwa kuumwa na kiuno asubuhi anapoamka, maumivu yakawa yanakwenda na kurudi, hatimaye yakakaa. Alipokwenda kutazamwa alipigwa picha ya eksirei, akaonyeshwa ukutani penye taa, na akaambiwa maneno ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kuyasikia: "Mifupa yako imesagika. Kuanzia leo usiiname."

Basi akaacha kuinama. Akaacha kukuna nazi, kufua, kumbeba mjukuu na kuteremka sokoni. Hata swala akawa anaiswali juu ya kiti cha plastiki, naye ni mtu aliyekuwa akisujudu tangu utotoni. Kila alichokiacha kilipunguza nguvu za mgongo wake, na kila nguvu zilipopungua maumivu yalizidi, naye akaona kwamba daktari alisema kweli.

Sina nia ya kumlaumu daktari yule, maana alisema alivyofundishwa, na wengi bado husema hivyo hivyo. Lakini rai yangu ni kwamba maneno yale mawili, "usiiname tena", yalimdhuru mama huyu kuliko mifupa yake.

Kwanza tufahamiane kuhusu maradhi yenyewe. Maumivu ya kiuno huitwa sugu yanapopita miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo mwaka wa 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi kama hao washindwe na shughuli zao. Hata hivyo, katika kila wagonjwa kumi, takriban tisa hawana kitu kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole na kuambiwa hiki ndicho kinachouma. Hawakuvunjika, hawana uvimbe wala hawana kidudu. Misuli, kano, viungo vidogo vya pingili na mishipa ya fahamu vyote vimo katika shauri hilo, na havikubali kutenganishwa kwa picha.

Mgongo wa kiunoni una pingili tano kubwa, na baina ya kila pingili mna kisahani cha gegedu kinachoitwa diski. Nje yake ni nyuzi ngumu zilizosukwa pamoja, na ndani mna ute mzito. Watu husema diski "imeteleza" kama kwamba ni sahani iliyochomoka kabatini. Diski haitelezi, kwa sababu imeshikamana na mifupa juu na chini. Inachoweza kufanya ni kuvimba upande mmoja, au ute wake kutokeza na kuukera mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni, na hapo mtu huhisi moto au ganzi kutoka matakoni hadi unyayoni. Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi ni kwamba sehemu kubwa ya ute uliotokeza hunywea wenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa, bila kisu. Upasuaji una mahali pake kwa wachache ambao mguu unapoteza nguvu au ambao maumivu ya mguu yamekataa kabisa kwisha. Kwa maumivu ya kiuno peke yake, aghalabu hausaidii.

Sasa natuizungumzie hiyo picha. Mwaka wa 1994 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za MRI watu 98 ambao migongo yao haikuwa ikiuma. Zaidi ya nusu yao walikuwa na diski iliyovimba walau mahali pamoja. Mwaka wa 2015 zikakusanywa pamoja tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu, ikaonekana kwamba hata vijana wa miaka 20 wasioumwa, 37 katika kila mia walikuwa na diski zilizochakaa, na kwa wazee wa miaka 80 ni 96 katika mia. Kwa maneno mengine, "kusagika" ni kama mvi. Ukimpiga picha mzee yeyote anayecheza bao barazani pale Mji wa Kale, akiwa mzima na anacheka, utakuta mifupa iliyosagika. Tofauti yake na mama wa Kibokoni ni kwamba yeye hajaonyeshwa.

Na wanaoonyeshwa wanazidi kuwa wengi. Siku hizi mtu akiumwa na kiuno wiki mbili tu huanza kutafuta pesa za picha kabla ya kutafuta mtu wa kumgusa mgongo na kumsikiliza. Familia huchanga. Picha ikirudi ina maneno marefu, na maneno hayo humtisha mgonjwa kuliko maumivu. Kwa maoni yangu, daktari anayetoa picha kama hiyo bila kumweleza mgonjwa kwamba majirani zake wasioumwa nao wana picha kama hizo, amefanya nusu ya kazi.

Kabla ya kuendelea lazima niseme ni nani anayestahili picha upesi, maana wachache hao wasipoangaliwa wataumia vibaya. Mtu aliyekonda bila sababu, anayetoka jasho usiku na kupata homa, na mgongo unamuuma mahali pamoja mchana na usiku, achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake, na kikiachwa kwenye pingili huleta kibyongo na hata kupooza. Mwenye kunywa maziwa mabichi, ya ng'ombe au ya ngamia, akapata homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno na viungo, apimwe ugonjwa wa brusela. Mwanamume mzee mwenye shida ya mkojo, au mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi au ya mlango wa uzazi, maumivu mapya ya mgongo yasipuuzwe. Na yule ambaye ghafla amekufa ganzi katikati ya mapaja, mkojo umeziba au hauzuiliki, na miguu yote inalegea, huyo asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali kubwa usiku huo huo, kwani mishipa yake inabanwa na kila saa ina thamani.

Wengine wote, yaani walio wengi, wanatibiwaje kisiwani humu?

Wanaanza kwa kutafuta jina. Kwetu pwani maumivu ya kiuno huitwa figo, au ngiri, au chango, na kwa wanaume huambatanishwa na nguvu za kitandani. Neno lenyewe "kiuno" limebeba maana nyingi, na ndiyo sababu wanaume wengi huona haya kusema wanaumwa hapo. Huenda kimyakimya kwa muuza dawa za unga, naye huwauzia chupa moja kwa maradhi yote mawili. Figo likiuma huuma zaidi ubavuni, na mara nyingi kuna homa au mkojo uliobadilika. Kupima mkojo ni rahisi na kunaondoa shaka. Ama hizo dawa za unga zisizo na jina, jambo moja la kujihadhari nalo ni lile la dawa inayoponya kila kitu kwa siku mbili. Dawa ya namna hiyo huenda imetiwa dawa za hospitali ambazo mtu akizitumia kwa muda mrefu huvimba uso, sukari hupanda na mifupa hudhoofika.

Baada ya hapo huja sindano. Mtu huingia duka la dawa, hudungwa, hupata nafuu siku tatu, hurudi. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kweli, na WHO wenyewe wanazikubali, lakini ni za kutumiwa siku chache kwa uangalizi. Mwenye presha, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye figo dhaifu zinaweza kumuua, na mji huu umejaa wenye presha na sukari. Dawa ya tramadoli ni ya jamii ya afyuni. Mombasa imezika vijana wengi kwa sababu ya unga, kwa hivyo sihitaji kueleza kwa nini sipendi kuona watu wazima wakiingizwa katika mlango ule ule kwa sababu ya kiuno.

Mnamo Desemba 2023 WHO lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Ningependa kila duka linalouza mishipi ya kiuno liubandike mlangoni. Mwongozo huo unasema mishipi hiyo isitumiwe kama tiba ya kawaida. Hali kadhalika kuvutwa mgongo kwa mashine, mashine za umeme za kupunguza maumivu, mashine za mawimbi ya sauti, na dawa za jamii ya afyuni. Kinachopendekezwa ni mgonjwa kuelimishwa, kufanya mazoezi, kukandwa na kunyooshwa na wanaojua kazi hiyo, kusaidiwa kifikra kuondoa hofu, na dawa za kutuliza maumivu pale zinapohitajika.

Tazama basi! Ukimtoa mwenye sindano na mwenye mshipi, yule bibi anayekanda kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto yu karibu na mwongozo wa Geneva kuliko tulivyodhani. Kukanda kunalegeza misuli na kunapunguza maumivu kwa muda. Kitambaa cha moto nacho ni hivyo hivyo. Kuumika kwa chuku huwapa baadhi ya watu nafuu ya siku kadhaa, nami sina ugomvi nako mradi wembe uwe mpya kwa kila mtu, kwani homa ya ini na virusi vya ukimwi havina urafiki na mtu. Kosa ni kumlaza mtu akandwe kila wiki bila kumwamsha atembee.

Kuhusu kulala, mambo yalikwisha kuamuliwa zamani. Zamani mwenye kiuno aliambiwa alale chali majuma mawili, ikiwezekana juu ya mbao. Mwaka wa 1995 huko Helsinki, wafanyakazi 186 wa manispaa waliopatwa na maumivu ya mgongo waligawanywa: kundi moja walazwe kitandani siku mbili, jingine lifanye mazoezi maalumu, la tatu liendelee na shughuli za kila siku kadiri ya uwezo. Waliopona upesi zaidi ni wale walioendelea na shughuli zao. Ama mbao na sakafu, uchunguzi uliofanywa Hispania na kuchapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba godoro la ugumu wa wastani linafaa kuliko gumu sana. Kwa hivyo unaweza kurudi kitandani mwako usiku, bora asubuhi uondoke.

Mwili hufanya kazi namna gani hapa? Maumivu ni kengele. Mgongo unapoumia kengele hulia, na ni vyema ilie. Lakini maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu na ubongo huzoea kulia, kama king'ora cha gari kinachoamshwa na paka. Kukosa usingizi, huzuni, madeni na hofu huifanya kengele iwe nyepesi zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa sana ilhali hakuna kitu kinachoharibika, na ndiyo maana kumwambia "usiiname utavunjika" ni kuikaza kengele. Haina maana kwamba maumivu ni ya kufikiria tu. Yanauma kweli. Maana yake ni kwamba kuuma na kuharibika ni vitu viwili.

Huenda msomaji akauliza: ni zoezi gani basi lililo bora? Jibu lililo kweli ni kwamba hakuna moja lililoyashinda mengine yote. Lililo bora ni lile utakaloendelea nalo. Kutembea ni rahisi na hakuna ada. Mwaka wa 2024 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni. Waliopangiwa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo hadi nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa takriban siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiopangiwa chochote, siku 112. Katika kisiwa chetu tuna bahati ya mahali pa kutembea: Mama Ngina iliyotengenezwa upya mwaka wa 2019, na vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo baadhi yake havipitiki kwa gari.

Mama wa Kibokoni alianzia hapo. Mtaalamu wa tiba ya viungo alimtaka ashuke ngazi mara moja kwa siku, kisha mara mbili, kisha afike hadi Ngome ya Yesu na kurudi. Baada ya hapo akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza kabla: "Ni kitu gani umekikosa zaidi?" Akajibu, sijida. Wakaanza kwa kuegemea meza, kisha kitanda, kisha mto juu ya mswala. Ilichukua wiki tisa. Suala la nani anaruhusiwa kuswali akiwa amekaa ni la masheikh, na dini imempa mgonjwa nafasi. Mimi nasema kwa upande wa afya tu: viti vilivyoongezeka katika safu za nyuma za misikiti yetu vingine vimekaliwa na watu ambao hawajashindwa kuinama, bali wameogopeshwa. Kurukuu na kusujudu kadiri ya uwezo ni mwendo mzuri kwa mgongo usio na zile dalili za hatari nilizozitaja. Mama huyu bado anaumwa siku nyingine. Mbuzi ya kukunia nazi ameirudia, ingawa binti yake anamletea nazi zilizokwisha kusagwa kwa mashine, na mimi sioni sababu ya kumkataza.

Lakini hapa ndipo nitakapojipinga mwenyewe, maana kuna mtu mmoja ambaye ushauri huu wote ukimpa utakuwa umemtukana. Naye ni hamali.

Nenda Marikiti alfajiri lori linapoteremsha mzigo. Gunia la mahindi la kilo 90 ndicho kipimo tulichokizoea nchini, na gunia la viazi lililojazwa likatokeza juu lilikuwa likipita hapo. Kijana huinamisha kichwa, wenzake humtwika, naye huenda nalo mbio kwa sababu hulipwa kwa idadi ya magunia. Huyu hajakosa mazoezi. Kumwambia atembee Mama Ngina nusu saa ni mzaha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tunaonunua viazi kwa kilo mbili mbili tumelithibitisha neno hilo kila siku.

Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba pale ambapo mwanamume mzima huruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi za kupunguza. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Taabu ni kwamba hamali hana mwajiri. Mwenye lori husema si wangu, mwenye duka husema si wangu, na jioni mgongo huwa ni wa hamali peke yake. Kule Kilindini kontena na kreni ziliiondolea migongo ya watu sehemu kubwa ya mzigo zamani. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, mkokoteni na bega bado ndivyo vinavyotenda kazi.

Vivyo hivyo kwa wauza maji. Mfereji ukikauka kisiwani, na hukauka mara nyingi, mtungi wa lita 20 hupandishwa ngazi za nyumba za ghorofa za Mji wa Kale mkononi mwa kijana mmoja, upande wa kulia mmoja na wa kushoto mwingine, kilo 40 kwa safari, safari ishirini kwa siku. Dereva wa tuktuk naye hukaa saa kumi na mbili akitikiswa, na mtikisiko wa muda mrefu ni sababu inayojulikana ya maumivu ya kiuno. Huyo angalau anaweza kuteremka kila baada ya abiria kadhaa akajinyoosha.

Kwa watu hawa tiba ni mzigo wenyewe kupunguzwa. Kanuni za zao la viazi za mwaka wa 2019 zilikwisha kuweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, kwa ajili ya kumlinda mkulima asipunjwe. Hazikutungwa kwa ajili ya hamali, lakini zikifuatwa na yeye atapona. Askari wa kaunti wanaokagua stakabadhi za ushuru mlangoni pa soko wana mizani karibu yao. Wakiamua kulipima gunia kama wanavyomkagua mwenye mkokoteni, hawahitaji sheria mpya wala bajeti. Na wafanyabiashara wa Marikiti, ambao wengi wao nawafahamu na nawaheshimu, wangeweza kukubaliana jambo moja dogo kabla ya Ramadhani ijayo, wakati ambapo mizigo huongezeka: gunia linalozidi kilo 50 libebwe na watu wawili, na wote wawili walipwe.